Marudio Yapo, Faili Halipungui: Kutatua Matatizo ya Kubana Data kwa Sarufi

Wanaopanda ngazi za ofisi yangu hapa Mwembe Tayari, Mombasa, huja na lalama moja kwa sauti mbalimbali. "Fundi, data yangu ni ile ile kila siku, mbona haishuki?" Huyu ana kumbukumbu za malori yanayotoka Kilindini kwenda bara, yule ana nakala za kila usiku za hifadhidata ya hoteli, mwingine ana miaka sita ya risiti za duka la jumla pale Marikiti. Wamesikia kwamba kuna ubanaji wa sarufi, yaani njia ya kupunguza ukubwa wa faili, unaofaa hasa kwa maandishi yanayojirudia. Wameujaribu, umewaangusha. Nimepanga mambo kwa dalili walizoniletea, na chini ya kila dalili naanza na sababu ninayoikuta mara nyingi na kipimo kisichogharimu kitu. Mambo ya kuvua koti yanakuja baadaye.

Kwanza tuelewane sarufi ni nini hapa. Chukua maneno haya: haraka haraka haina baraka. Pamoja na nafasi ni alama 26. Kipande "raka" kimetokea mara tatu, basi tunakipa jina: A ni "raka". Jina na kilichomo ndani yake ndiyo kanuni, na kanuni zote pamoja na mstari unaobaki ndiyo sarufi. Sasa "haA" na nafasi inayofuata vimetokea mara mbili, tunaviita B. Kilichobaki kwenye mstari mkuu ni hiki:

BBhaina baA

Hizo ni alama 11, ongeza 4 za kanuni A na 4 za kanuni B, jumla 19. Kufungua ni kurudi kinyumenyume, kila jina likitoa kilichomo ndani yake mpaka zibaki herufi tupu. Kanuni inaweza kutaja kanuni nyingine, na hapo ndipo nguvu yote ilipo, kwa sababu marudio makubwa hujengwa juu ya marudio madogo.

Kuna hesabu moja ya kuiweka kichwani. Kanuni yenye alama L inayotumika mara k huokoa alama k(L−1)−L. Ukishikwa na tamaa uifanye "ha" nayo kanuni, maana imo ndani ya B na imo mwanzoni mwa "haina", utapata 2(2−1)−2, yaani sifuri. Umehamisha mzigo kutoka bega hili kwenda lile.

Programu mbili ndizo utakazokutana nazo zaidi. Sequitur, ya Craig Nevill-Manning na Ian Witten, 1997, husoma maandishi kutoka mwanzo kwenda mwisho na kujenga sarufi njiani, ikishika masharti mawili: jozi yoyote ya alama zinazofuatana isionekane mara mbili, na kanuni isiyotumika angalau mara mbili ifutwe. Re-Pair, ya Jesper Larsson na Alistair Moffat, 1999, huliangalia faili zima, huchukua jozi inayojirudia kuliko zote, huibadilisha kwa alama mpya, kisha huanza tena mpaka pasiwe na jozi inayojirudia.

Ukizipa faili moja ukapata ukubwa tofauti, usiniletee. Si ugonjwa. Kutafuta sarufi ndogo kuliko zote kunajulikana kuwa tatizo gumu, la aina iitwayo NP-hard, ambayo haijulikani njia ya haraka ya kuitatua, kwa hiyo kila programu inakisia kwa njia yake.

DALILI: Faili halipungui, au limenenepa

Sababu namba moja, na si kidogo: faili lilikuwa limeshabanwa. Mtu ananiletea folda ya mafaili ya .gz, picha za JPEG na PDF, anataka sarufi iyabane. Kitu kilichobanwa vizuri kinafanana na kelele, hakina jozi za kurudiwa. Kipimo: andika amri ya file na jina la faili, itakuambia ni aina gani. Likiwa .gz, lifungue kwanza, ndipo ubane kwa sarufi.

Inayofuata ni kusimba, yaani kuifunga data kwa siri, kabla ya kubana. Hifadhidata iliyosimbwa kwa nenosiri haina marudio yoyote yanayoonekana nje, hata kama ndani yake kuna neno moja limeandikwa mara milioni. Utaratibu ni kubana, halafu kusimba. Ukiugeuza hakuna programu itakayokuokoa.

Ya tatu: faili ni dogo mno. Programu nyingi za majaribio huhifadhi kila kanuni ya Re-Pair kama namba mbili za biti 32, yaani baiti 8 kwa kanuni. Maandishi ya herufi 1,000 yakizaa kanuni 300, kanuni peke yake ni baiti 2,400, na hujagusa mstari mkuu. Kijana mmoja alinionyesha sarufi nzuri kabisa aliyoijenga mwenyewe, kanuni zimepangika, halafu ameihifadhi kama maandishi ya kawaida: "R1 -> R7 R12", na kila moja mstari wake. Ilikuwa kubwa mara mbili ya data yake. Sarufi yake haikuwa na kosa. Ilihitaji hatua ya pili, ya kuzipa alama zinazotumika sana biti chache na zile adimu biti nyingi, kama inavyofanya mbinu ya Huffman. Bila hatua hiyo ulichonacho ni uchambuzi wa marudio tu.

Sababu adimu ni kwamba data yako haijirudii. Kabla ya kukubali hivyo, ijaribu kwa programu nyingine ya kubana, xz -9. Nayo ikishindwa kabisa, soma sehemu inayofuata kabla hujakata tamaa.

DALILI: Nayaona marudio kwa macho, mashine haiyaoni

Hapa nitakaa, maana kazi yangu nyingi iko hapa. Jicho husoma neno, mashine husoma baiti. Vitu viwili vinavyofanana kwenye skrini vinaweza kuwa vigeni kabisa kimoja kwa kingine.

Siku moja alikuja mama mmoja aliyekusanya kwa miaka hadithi na semi za wazee wa Mji wa Kale, kazi ya kupigiwa saluti. Matoleo ya kila hadithi yalikuwa manne, matano, kila moja likitofautiana kidogo na jenzake. Data kama hiyo sarufi huimeza bila kutafuna. Yeye alipata upungufu mdogo tu.

"Mwanangu," akaniambia, "maneno ni yale yale, nimeyaandika mimi mwenyewe."

Nikafungua matoleo mawili ubavu kwa ubavu, nikatafuta neno "ng'ombe". Toleo la kwanza likaonyesha saba. La pili, sifuri. Na ng'ombe wamejaa ukurasa mzima! Toleo la kwanza aliliandika kwenye programu nyepesi ya maandishi, ambako alama ya ritifaa ni ile iliyonyooka, baiti moja, namba 39. La pili aliliandika kwenye programu ya ofisi, ambayo huipinda ritifaa yenyewe bila kuuliza, na ile iliyopinda katika UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kwa baiti, ni baiti tatu: 226, 128, 153. Ng'ombe, ng'ambo, ng'ara, ngoma ya ng'ang'ania yote, kila penye ritifaa kanuni ndefu ilikatika vipande viwili. Na kwa maandishi ya Kiswahili ritifaa haikosi kwenye ukurasa. Tukabadilisha zote ziwe zilizonyooka, tukahifadhi orodha ya mahali zilipokuwa zimepinda kwa kuwa alitaka nakala yake irudi kama ilivyo, na sarufi ikaanza kula.

Kwa hiyo angalia kwa mpangilio huu.

Miisho ya mistari. Faili lililotoka Windows humaliza mstari kwa baiti mbili, 13 na 10, la Linux kwa moja, 10. Ukichanganya nakala za mashine mbili, kila kanuni inayovuka mwisho wa mstari inakufa. Amri ya file itakuambia.

Mfumo wa kuandika herufi kwa baiti. Majedwali yakihifadhiwa kama maandishi ya Unicode kutoka Excel hutoka kwa UTF-16, kila herufi yetu baiti mbili. Nusu ya nakala zikiwa hivyo na nusu UTF-8, mashine inaona lugha mbili. Wenye tenzi zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu wajue jambo jingine: katika UTF-8 kila herufi ya hati hiyo ni baiti mbili, kwa hiyo programu inayofanya kazi kwa baiti hupoteza kanuni zake za mwanzo kujifunza kuunganisha nusu mbili za herufi moja, na kanuni nyingine huanzia katikati ya herufi. Kufungua hakuharibiki. Ila ukitaka kuzisoma kanuni, utaona uchafu tu. Mpe Re-Pair namba za herufi badala ya baiti.

Nafasi na tabo. Haya hayahitaji maelezo.

Kisha muda, adui mkubwa wa kumbukumbu za mashine. Tazama mistari hii miwili ya kifaa cha kufuatilia lori:

2024-03-11 06:14:05,LORI-07,MARIAKANI MIZANI,IMESIMAMA
2024-03-11 06:14:35,LORI-07,MARIAKANI MIZANI,IMESIMAMA

Lori limekwama kwenye foleni ya mizani Mariakani, halijasogea hata hatua. Mtu angesema "bado", neno moja. Lakini sekunde zinabadilika kila mstari, na kila zinapobadilika zinaikata kanuni ambayo ingemeza mistari mia kwa mpigo. Tiba: tenganisha safu. Muda uwe faili lake, namba ya lori faili lake, mahali na hali mafaili yao. Halafu kwenye faili la muda usiandike muda, andika tofauti: 30, 30, 30, 30, 31, 30. Sasa hata muda wenyewe umekuwa wimbo unaojirudia. Kwenye safu ya mahali, saa mbili za foleni huwa ni kanuni chache zinazojizidisha. Mteja wa malori hakubadilisha programu hata moja. Alibadilisha sura ya data, basi.

Mwisho kabisa, mpangilio. Mistari ya malori arobaini ikiwa imechanganyika kwa jinsi ilivyofika kwenye seva, panga kwanza kwa lori halafu kwa muda. Angalizo: kama mpangilio wa kufika una maana kisheria au kwa uchunguzi, hifadhi namba ya kila mstari kabla ya kupanga, ama usipange kabisa.

DALILI: gzip inabana faili moja vizuri, lakini nakala kumi zinakuwa mara kumi

Hiki si kipengele cha sarufi, ni sababu ya watu kuikimbilia. gzip, programu ya kawaida ya kubana, hukumbuka baiti 32,768 za nyuma tu. Nakala ya hifadhidata ya jana ikiwa ya megabaiti 40, gzip ikifika kwenye ya leo imeshaisahau ya jana zamani. bzip2 nayo hufanya kazi kwa vipande visivyozidi baiti 900,000. Sarufi haina dirisha, yaani kikomo cha kukumbuka ya nyuma. Kitu kilichoonekana mwanzo wa faili kinatambuliwa mwisho wake.

Lakini sema kweli: kabla ya kuingia gharama ya sarufi, jaribu programu ya zstd kwa amri zstd --long=31, ambayo dirisha lake ni gigabaiti 2. Kumbuka kuandika --long=31 tena wakati wa kufungua, la sivyo itakataa, na watu hudhani faili limeharibika. Kwa wengi wanaotaka kuhifadhi tu, hiyo inatosha, na nawarudisha nyumbani. Sarufi inalipa pale unapotaka kutafuta au kusoma ndani ya data iliyobanwa bila kuifungua yote, au unapotaka kuona marudio yenyewe.

DALILI: Mashine inaganda, kisha inaandika "Killed"

RAM imekwisha, na Linux imeiua programu ili ijiokoe. Thibitisha kwa amri ya dmesg, utaona imetajwa humo. Kwa Re-Pair jambo hili ni la kutarajia. Muundo wake wa asili huhitaji takriban maneno matano ya kumbukumbu kwa kila alama ya maandishi. Neno likiwa baiti 4, hiyo ni baiti 20 kwa herufi moja: faili la gigabaiti 1 linataka RAM ya gigabaiti 20 na ushee. Laptopu yako ya gigabaiti 8 ilikuwa inakwenda kufa tangu mwanzo.

Tiba nyepesi ni kukata faili vipande, lakini ukikata kila megabaiti 100 umerudisha dirisha ulilolikimbia, maana kipande cha pili hakijui kanuni za cha kwanza. Ukilazimika kukata, weka nakala zinazofanana kwenye kipande kimoja. Ya pili ni kujaribu Sequitur, ambayo kumbukumbu yake hukua kadiri sarufi inavyokua, na kwa data inayojirudia kweli kweli sarufi hukua polepole. Ya tatu ni ya wanaojua kuandika programu: mwaka 2019 Travis Gagie, Giovanni Manzini, Gonzalo Navarro na wenzao walionyesha namna ya kuyagawa maandishi kwa kufuata yaliyomo badala ya kufuata urefu, kwa mbinu ya rsync, programu ya kunakili mafaili, hivyo kwamba vipande vinavyofanana hukatwa mahali pale pale kila vinapotokea. Kila kipande tofauti huhifadhiwa mara moja, na Re-Pair hufanya kazi juu ya mabaki. Ni njia safi.

Usichofanya: usiongeze swap ya gigabaiti 60 kwenye diski ya zamani na kuiacha usiku kucha. Re-Pair hurukaruka kila pembe ya kumbukumbu, na diski ikigeuzwa RAM itafanya kazi ya mwezi mzima na kufa njiani. Katika joto la hapa, bila feni, nimeona zikifa. Ukisikia diski inagonga tik tik, zima mashine papo hapo na utoe waya. Usijaribu "mara ya mwisho". Ikiwa ndiyo nakala pekee, mpelekee mtu wa kuokoa data, na hapo simaanishi mimi.

DALILI: Inakwenda, lakini tangu asubuhi

Kama RAM haijakwisha, karibu kila mara ni programu iliyoandikwa kwa njia ya mkato: tafuta jozi kubwa, pitia faili zima ubadilishe, rudi mwanzo uhesabu upya. Philip Gage alieleza wazo la jozi za baiti mwaka 1994, na kwa faili dogo linatosha. Kwa faili lenye kanuni laki moja, unalisoma faili mara laki moja. Re-Pair halisi hutunza orodha ya mahali ilipo kila jozi na foleni ya jozi kwa idadi yake, ili ikibadilisha jozi iguse majirani tu. Usiirekebishe programu ya mkato, itupe uchukue iliyoandikwa vizuri.

Umeme ukikatika katikati, Re-Pair haikuachii kitu, kwa kuwa lazima ione mwisho kabla ya kuandika mwanzo. Iandike kwenye faili la muda, uibadilishe jina ikimaliza na kupimwa. UPS ndogo hapa kwetu si anasa.

DALILI: Nimefungua, lakini si lile faili nililobana

Simama. Usibane kingine, na usifute chochote.

Kipimo cha kwanza ni sha256sum, amri inayotoa alama ya utambulisho ya faili, kwa faili la asili na kwa lililofunguliwa. Zikitofautiana, cmp itakuonyesha baiti ya kwanza iliyoachana, na mahali hapo panasema mengi.

Zikiachana mwanzoni kabisa, mara nyingi huna mafaili yote. Baadhi ya programu za Re-Pair hutoa mawili, moja la kanuni lenye kiishio .R na jingine la mfuatano lenye .C. Mtu hutuma .C peke yake kwa WhatsApp kwa sababu ndilo "lenye data". Bila .R hizo ni namba zisizo na maana, na hakuna fundi duniani wa kuzirudisha. Ama umechanganya .R ya jana na .C ya leo. Yafunge pamoja kwa tar siku hiyo hiyo.

Zikiachana kwenye mwisho wa mstari wa kwanza, faili lilifunguliwa kwa hali ya maandishi kwenye Windows, na kila baiti 10 imeongezewa 13. Tumia hali ya baiti tupu.

Zikiachana penye mstari wa deshi, umepata kosa ninalolipenda, maana ni la kiufundi kweli. Risiti za duka zimejaa mistari kama hii:

------------------------------------------------------------

Deshi 60. Ukihesabu jozi za jirani kwa jirani kizembe, unapata 59. Zinazoweza kubadilishwa bila kugongana ni 30 tu, kwa sababu deshi ya pili ikishachukuliwa na ya kwanza haiwezi kuolewa tena na ya tatu. Programu iliyohesabu 59 kisha ikabadilisha 30 inabaki na deni la 29 kwenye vitabu vyake: huziendea jozi ambazo hazipo tena, huandika juu ya alama za jirani, na data huharibika kimya kimya. Kipimo chake ni rahisi: bana faili lenye deshi 3, kisha 4, kisha 61, na ufungue kila moja. Likishindwa hata moja, achana na programu hiyo. Nimewahi kuiandika programu yenye kosa hilo mimi mwenyewe, na niligundua kwenye risiti za mteja. Tangu siku hiyo sifuti cha asili mpaka sha256sum zimeoana.

DALILI: Ikifungua inaanguka, au inataka kujaza diski

Kuanguka ghafla kwa "Segmentation fault", ama RecursionError kwa wanaotumia Python, mara nyingi ni kina cha sarufi. Kanuni ya 5,000 inataja ya 4,999, inayotaja ya 4,998, na programu inajiita yenyewe kila ngazi. Python kwa kawaida hukataa kwenye ngazi ya 1,000. Usipandishe kikomo. Andika ufunguaji kwa rafu yako mwenyewe (stack, orodha ya kazi zinazosubiri) ndani ya kitanzi. Wenye haja ya kusoma rekodi moja tu kutoka katikati wahifadhi kwa kila kanuni urefu wa kile inachozaa, ndipo wateremke moja kwa moja hadi kwenye herufi wanayoitaka. Sarufi yenye kina kirefu huchelewesha safari hiyo, na mwaka 2019 Moses Ganardi, Artur Jeż na Markus Lohrey walithibitisha kwamba sarufi yoyote inaweza kusawazishwa iwe na kina kidogo bila ukubwa wake kuongezeka ila kwa kizidishi kisichobadilika.

Kujaza diski ni jambo jingine, na ni la hatari. Kanuni ya kwanza ikiwa "aa", na kila inayofuata ni iliyotangulia mara mbili, kanuni 40 zenye alama 80 kwa jumla huzaa baiti 1,099,511,627,776. Faili linaingia kwenye ujumbe wa simu, likifunguliwa linataka zaidi ya terabaiti. Kwa hiyo sarufi iliyotoka kwa mtu usiyemjua isifunguliwe kwanza. Ipimwe: anzia kanuni za chini, jumlisha urefu kwenda juu, upate ukubwa wa mwisho bila kuandika baiti hata moja. Njiani hakikisha hakuna kanuni inayojitaja yenyewe, moja kwa moja au kwa kuzunguka, kwani hiyo haina mwisho. Ikiwa limeingia kwenye seva ya kazini na limeshaanza kufunguka, zima programu, mwite msimamizi wa mtandao, na usilifute, atataka kujua limetoka wapi.

DALILI: Imebanwa, lakini majina ya wateja yanasomeka

Alikuja bwana mmoja na wasiwasi huo na nikampa pongezi, maana wengi hawaangalii. Kubana si kuficha. Kinyume chake: kinachojirudia sana ndicho kinachopewa kanuni, kwa hiyo jina la mteja wa kila wiki na namba yake ya kitambulisho hukaa wazi kwenye orodha ya kanuni, mara moja, safi, kama limeandikwa kwa wino. Mwenye kupata faili la .R tu, bila .C, ameshapata orodha ya wateja wako. Bana, kisha simba yote mawili. Data za wagonjwa, wafanyakazi au wageni wa hoteli zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, na ikiwa faili kama hilo limeshatoka nje, hilo si tatizo la ubanaji tena. Mwite mwanasheria wa kampuni siku hiyo hiyo, kabla hujanipigia mimi.